Mabati ya Ugogo na Madini Yayalindayo

Wasikilizaji wetu, tuseme kwamba mzee mmoja wa Dar es Salaam na mzee mwingine wa Dodoma walikwenda dukani siku moja, wakanunua mabati ya aina moja, yaliyotoka katika kiwanda kimoja. Huyu akaezeka nyumba yake karibu na bahari. Yule akayasafirisha yake mpaka Ugogo, akaezeka nyumba yake chini ya jua kali la bara. Baada ya miaka kumi na miwili mabati ya mzee wa pwani yamegeuka rangi ya udongo mwekundu, na maji yapenya penye kila msumari. Mabati ya mzee wa Dodoma yamefifia tu. Yamekuwa ya rangi ya majivu, wala mvua haipenyi. Je, mzee wa pwani alidanganywa na mwenye duka? La, hakudanganywa. Wote wawili walinunua kitu kilekile. Lakini walichokinunua hasa si chuma. Walinunua ngozi nyembamba ya madini iliyokifunika chuma, na ngozi hiyo huliwa upesi mahali pengine, na polepole mahali pengine.

Leo twataka kueleza habari za ngozi hiyo: ilivumbuliwa na nani, ilifikaje katika nchi yetu kavu ya katikati, na kwa nini yampasa mtu auzaye mbuzi wake ili anunue mabati aijue vema.

Kwanza na tukumbuke nyumba za wazee wetu. Mwaka wa 1857 Richard Burton na John Speke, Waingereza, walipita Ugogo pamoja na msafara wao wakielekea ziwa la Tanganyika, na Burton aliandika habari za matembe aliyoyaona. Tembe ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa bapa. Nguzo za miti huchimbiwa chini, juu yake hulazwa boriti na fito, kisha matawi, na juu ya yote hutandazwa udongo. Vyumba huzunguka ua, na ng'ombe hulala ndani ya ua huo. Nyumba hiyo ilijengwa kwa akili nyingi. Paa la udongo haliwaki moto, na zamani za vita hilo lilikuwa jambo kubwa. Mchana wa jua kali ndani mna ubaridi. Usiku wa upepo wa mwezi wa saba ndani mna joto. Wala haidai kununua kitu.

Lakini tembe lina adui mmoja, naye ni mvua kubwa. Udongo wa paa hulowa, huwa mzito, hutiririka. Boriti huoza na kuliwa na mchwa. Basi kila mwaka kabla ya masika yampasa mwenye nyumba kupanda juu na kuongeza udongo. Tena maji yapitayo katika paa la udongo ni matope, hayanyweki. Jambo hilo la maji twawaombeni mlikumbuke, maana tutalirudia.

Kabla ya reli, kuleta mabati Ugogo ilikuwa taabu kubwa. Kila kitu kilichotoka pwani kilibebwa kichwani au begani na wapagazi, zaidi ya kilomita 400, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30. Bati ni refu, ni pana, lina makali, na upepo hulishika kama tanga. Ndipo mwaka wa 1905 Wadachi walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Mwaka wa 1907 ilifika Morogoro, na mwaka wa 1910 ilifika Dodoma. Mwaka wa 1912 ilifika Tabora, na mwaka wa 1914 Kigoma. Tangu hapo bati liliweza kupakiwa pwani na kushushwa katikati ya Ugogo bila ya mtu kulibeba kichwani. Mji wa Dodoma ulikua kando ya reli hiyo, na paa za chuma zikaanza kuonekana karibu na paa za udongo.

Basi bati lenyewe lilitoka wapi? Habari yake ni ya mambo mawili yaliyokutana: umbo lake na ngozi yake.

Umbo ni kazi ya Mwingereza aitwaye Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1829. Yeye aliona kwamba chuma chembamba kikikunjwakunjwa kama mawimbi hupata nguvu kupita kiasi cha unene wake. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Chukueni karatasi, mwilaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana: yainama yenyewe. Kisha ikunjeni mikunjo mingi iliyosimama, mwilaze tena: sasa yachukua hata kalamu. Ndiyo maana bati huweza kutoka boriti hata boriti bila ya kuinama.

Lakini chuma cha Palmer kilikuwa na aibu moja, nayo ni kutu. Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja huliwa. Tena kutu ya chuma ni mbaya kuliko kutu za madini mengine, kwa kuwa huvimba, hupasuka na kubanduka, na kila ikibanduka huacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Haijifungi mlango wenyewe. Chuma chembamba kama bati, kikiachwa vivi hivi katika mvua, hakidumu.

Dawa yake ni madini yaitwayo zinki. Watu wa Zawar, katika nchi ya Rajasthan huko Bara Hindi, walijua kuyatoa katika mawe karne nyingi kabla ya watu wa Ulaya. Kazi hiyo ni ngumu, maana zinki ikipata moto wa digrii 907 huchemka, hugeuka mvuke na kutoroka. Hapana budi mvuke huo ukamatwe na kupozwa. Katika Ulaya alikuwa William Champion, mtu wa Bristol, aliyepata hati ya kazi hiyo mwaka wa 1738. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1742, Mfaransa Paul Jacques Malouin aliwaeleza wenye elimu wa Paris kwamba chuma kikichovywa katika zinki iliyoyeyushwa hupata ngozi ya zinki. Lakini neno lake halikuzaa matunda mengi wakati ule.

Ikapita karibu miaka mia moja. Katika muda huo Mwitalia mmoja wa Bologna, Luigi Galvani, aliona miguu ya chura aliyekufa ikirukaruka ilipoguswa na madini ya aina mbili. Mwenzake Alessandro Volta alilifuata jambo hilo, na mwaka wa 1800 alionyesha kwamba vipande vya zinki na vya fedha au shaba, vikipangwa kwa zamu na kutengwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, hutoa nguvu ya umeme. Maana yake ni hii: madini mawili yakigusana penye maji, moja huliwa na jingine hupona.

Mwaka wa 1824 Humphry Davy alitaka kuitumia elimu hiyo kwa faida ya manowari za Kiingereza. Merikebu zile zilifunikwa shaba chini, na shaba ililiwa na maji ya bahari. Davy akagandamiza vipande vya zinki au chuma juu ya shaba. Shaba ikaacha kuliwa kabisa! Lakini ikatokea hasara ambayo hakuitazamia: shaba isiyoliwa haikutoa tena sumu yake majini, basi magugu ya bahari na makome yakajishikiza kwa wingi, na merikebu zikawa nzito katika mwendo. Hata hivyo jambo kubwa lilikwisha kuthibitika: madini moja laweza kufa badala ya jingine.

Aliyeyakusanya yote ni Mfaransa Stanislas Sorel, mwaka wa 1837. Yeye alisafisha chuma kwanza kwa asidi ili kuondoa kutu na uchafu, akakipitisha katika chumvi ya amonia, kisha akakichovya katika zinki iliyoyeyuka. Usafi huo ndio uliokuwa siri, kwa kuwa zinki haishiki juu ya uchafu. Akaiita kazi yake kwa jina la Galvani, ambaye alikwisha kufa zamani na hakuchovya hata msumari mmoja. Ndipo twapata neno galvanaizi. Umbo la Palmer na ngozi ya Sorel vikaungana, likazaliwa bati tulijualo.

Sasa tueleze jinsi ngozi hiyo inavyofanya kazi, maana watu wengi hudhani ni rangi tu. Sivyo. Katika birika la zinki lenye moto wa kiasi cha digrii 450, zinki na chuma huoana mahali yanapogusana, yakawa kitu kimoja. Tena zinki hulinda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kufunika. Zinki nayo huliwa na hewa na maji, lakini kutu yake si kama ya chuma. Ikichanganyika na hewa ya ukaa hugeuka utando mwembamba wa rangi ya majivu, ulioshikamana sana, nao huwazuia adui wasiingie upesi. Ndiyo sababu bati jipya hung'aa, na bati la miaka miwili huwa limefifia. Huo si ugonjwa; ndiyo afya yake.

Njia ya pili ni ya kujitoa. Bati likikwaruzwa, au likitobolewa na msumari, chuma huwa wazi. Hapo zinki iliyo kando huliwa kwanza, na chuma hupona, kwa upana wa milimita chache. Wanafunzi wachukue misumari miwili, mmoja wa kawaida na mmoja wa mabati, waukwaruze ule wa mabati kidogo mpaka chuma kionekane, kisha waitie yote katika maji yenye chumvi. Baada ya siku chache wataona wenyewe ni upi ulioanza kuwa mwekundu.

Lakini mlinzi ajitoaye huisha. Bati zuri lenye alama ya gramu 275 lina zinki ya gramu hizo katika kila mita ya eneo, pande zote mbili pamoja. Ukigawanya, kila upande una unene wa maikroni 19 au 20. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hivyo ngozi hiyo ni nyembamba kuliko nusu ya unywele. Mabingwa wa kutu wamepima katika nchi nyingi, wameona kwamba katika bara kavu, pasipo moshi wa viwanda, zinki hupungua chini ya maikroni 0.7 kwa mwaka. Katika pwani yenye hewa ya chumvi hupungua maikroni 2 hata 4, na karibu sana na mawimbi hupungua zaidi. Fanyeni hesabu. Maikroni 20, zikiliwa 0.7 kwa mwaka, zadumu miaka 28. Maikroni zizo hizo, zikiliwa 4 kwa mwaka, zaisha katika miaka mitano. Hiyo ndiyo tofauti ya wale wazee wawili.

Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, na mvua yake ni karibu milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha hasa toka mwezi wa Desemba mpaka Aprili. Miezi mingine yote bati ni kavu, na bati kavu haliliwi. Twakumbuka mwaka wa 1947 serikali ya Kiingereza ilipoanzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa. Mitambo ilikuja, fedha nyingi zikamwagwa, na mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, na moja ya sababu zake ni uhaba wa mvua na udongo uliokauka ukawa mgumu kama tofali. Basi ukavu uleule uliozishinda karanga ndio uyahifadhio mabati yetu. Nchi hunyima kwa mkono huu, ikatoa kwa mkono mwingine.

Mabati yalizidi kuenea kadiri maisha yalivyobadilika. Mwaka wa 1971, katika Operesheni Dodoma, Wagogo wengi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na matembe mengi yakaachwa yabomoke. Mwaka wa 1973 iliamriwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka wa 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa kweli, nyumba zimejengwa kwa wingi. Mwenye kusimama juu ya mlima mdogo karibu na mji huona paa zikimeta mpaka mbali.

Katika muda huohuo ngozi ya bati nayo ilibadilika. Mwaka wa 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilianza kuuza chuma cha pua kilichochovywa katika mchanganyiko wa madini: katika sehemu mia, alumini 55, zinki zipatazo 43 na nusu, na silikoni kidogo. Katika miaka ya 1980 ulitokea mchanganyiko mwingine wa zinki na alumini sehemu tano tu, na kiasi cha mwaka wa 2000 Wajapani waliongeza magnesi. Hata hapa kwetu kiwanda cha ALAF cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka wa 1960, hufunika chuma kwa mchanganyiko wa alumini na zinki.

Kwa nini kuchanganya? Hapa tembe la wazee latupa mfano. Ukuta wa tembe una nguzo na fito, na katikati yake umejazwa udongo. Mvua ikiupiga, udongo hutoka kwanza, lakini miti husimama na kuushika ule uliobaki. Ngozi ya mchanganyiko ndivyo ilivyo. Ikipoa, alumini huganda kwanza, ikafanya matawi kama ya mti. Zinki hujaa katika nafasi zilizobaki. Maji yakija, zinki hujitoa kwanza, na matawi ya alumini hubaki yakiushika utando. Kwa hiyo ngozi hiyo, kwa unene uleule, hudumu mara mbili hata mara nne kuliko zinki peke yake. Lakini haina ukarimu kama wa zinki tupu: penye mkato au mkwaruzo hujitoa kidogo zaidi, kwa sababu zinki yake ni chache.

Sasa twafika katika jambo la mfuko. Mtu aonaye alama ya gramu 150 juu ya bati la mchanganyiko, na gramu 275 juu ya bati la zinki, aweza kudhani la kwanza ni hafifu. Sivyo, alumini ni nyepesi, na gramu 150 za mchanganyiko zina unene uleule wa maikroni 20. Lakini bati la zinki lenye gramu 80 tu lina maikroni zisizofika 6 kila upande. Hata katika ukavu wa Dodoma, zikiliwa 0.7 kwa mwaka, zaisha katika miaka minane. Siku ya kuyanunua mabati hayo mawili, yote yang'aa sawasawa. Maua makubwa yaonekanayo juu ya zinki si dalili ya unene. Wala geji haitoshi: geji yaeleza unene wa bati, tena kadiri namba yake inavyozidi ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba, ngozi haielezi. Rangi nzuri nayo yaweza kufunika ngozi hafifu. Basi mnunuzi na aulize: ngozi yake ni ya nini, na ni gramu ngapi? Tena atafute alama ya Shirika la Viwango. Akiuza mbuzi sita ili apate paa la miaka minane, na jirani yake akauza wanane akapata paa la miaka ishirini na minane, ni yupi aliyenunua kwa bei rahisi?

Na adui wengine wapo hata katika nchi kavu. Wa kwanza ni zizi. Mkojo na samadi ya ng'ombe hutoa hewa kali ya amonia, nayo hula alumini. Basi banda la ng'ombe lililozibwa lisiezekwe kwa bati la mchanganyiko. Wa pili ni majivu na saruji mbichi. Vikilowa juu ya bati huchoma ngozi yake. Wa tatu ni udongo wenye chumvi: bati lililochimbiwa chini kuwa ua huoza mguuni kwanza. Wa nne ni waya wa shaba, na maji yatokayo katika shaba. Volta alikwisha kutuonyesha ni madini gani yatakayokufa hapo. Wa tano ni kuyarundika mabati mapya yakiwa yamelowa. Maji yakikaa baina yao pasipo hewa, utando mzuri haupatikani, na zinki hugeuka unga mweupe kabla paa halijapigiliwa. Yawekwe juu ya magogo, upande mmoja uinuke, yafunikwe.

Tulisema tutayarudia maji. Nyumba yenye paa la mita hamsini za eneo, katika mwaka wa mvua ya milimita 570, hupokea lita 28,500. Tuseme robo yapotea. Zabaki lita 21,000 na zaidi, yaani zaidi ya madebe elfu moja ya lita ishirini. Hayo ni madebe elfu ambayo mama na binti zake hawatayafuata kisimani. Nchi iliyoonja njaa ya Mtunya baina ya mwaka wa 1917 na 1920 haihitaji kufundishwa thamani ya mvua. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, maana huosha vumbi na mavi ya ndege. Yafuatayo yakingwe katika tangi lililofunikwa. Lakini paa lililotoboka halikingi kitu.

Hatusemi kwamba wazee walikosa kujenga matembe. Ndani ya nyumba ya mabati adhuhuri ni tanuri, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Tembe halikuwa na aibu hizo, na mtu mwenye akili aweza kuweka dari chini ya bati lake ili apate kidogo ya ubaridi ule. Twasema tu kwamba tembe lilitaka udongo mpya kila mwaka, na mwenye nyumba alijua ni lini udongo wake umepungua, kwa kuwa aliuona kwa macho. Udongo wa bati ni ile ngozi, nao hauonekani ukipungua mpaka siku chuma kinapokuwa chekundu. Kwa hiyo yampasa mtu ahesabu kabla ya kununua. Kisha kila mwaka kabla ya masika, kama babu yake, apande juu, afagie vumbi na majani, na atazame penye misumari. Akiona wekundu kidogo, aupake rangi yenye zinki siku hiyohiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.